Tope nyuma ya tuta: nani apewe taarifa?

WIKI hii nataka tuzungumzie tuta. Si lile la viazi, wala la barabarani la kupunguza mwendo wa magari. Ni tuta la mawe na udongo ambalo mgodi hulijenga ili kuzuia uchafu wake usishuke bondeni. Serikali yetu ina jina lake rasmi kwa kitu hiki: bwawa la topesumu. Ni jina zuri, kwa sababu linasema waziwazi kilichomo ndani.

Najua mtauliza. Mtu wa Ololosokwan, kijiji cha wafugaji katika tarafa ya Loliondo, mpakani na Kenya na jirani wa Serengeti, ana habari gani na mabwawa ya migodi? Kwetu hapa hakuna mgodi wa makaa ya mawe, na makaa tunayoyajua wengi ni ya kuchomea nyama. Lakini lambo tunalijua. Mfugaji anajua kwamba tuta la lambo halibomoki ghafla bila kutoa dalili. Huanza na shimo la panya, mapito ya ng'ombe waliolikanyaga mahali pamoja kila siku, mti uliofia ndani ya udongo na mizizi yake kuoza ikaacha tundu. Wazee wanaolitunza lambo hulizunguka na kulitazama, na akionekana mtoto aliyegundua maji yanachirizika upande wa pili, husikilizwa. Swali langu la leo ni hili: mtoto huyo huyo akiona maji yanachirizika chini ya tuta la mgodi, amwambie nani?

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Makaa ya mawe yakitolewa ardhini huwa yamechanganyika na mawe na udongo. Penye kiwanda cha kuyasafisha, huoshwa kwa maji, makaa yakaenda upande mmoja na takataka upande mwingine. Takataka hizo ni za aina mbili. Kuna mawe na kokoto, ambazo hurundikwa kama kilima. Na kuna unga laini uliochanganyika na maji, mweusi, mzito kama uji wa mtama. Uji huo hauwezi kurundikwa, lazima uzuiliwe. Hivyo mgodi huchukua zile kokoto, hujenga tuta kukata bonde, kisha husukuma uji kwa mabomba nyuma yake. Unga hutuama chini taratibu, maji yanabaki juu, na mara nyingi hurudishwa kiwandani kuoshea makaa mengine. Migodi ya dhahabu, shaba na almasi hufanya jambo linalofanana na hilo, ingawa kwenye dhahabu huongezeka kemikali kama sayanaidi.

Hapo ndipo bwawa hili linapotofautiana na bwawa la maji. Bwawa la maji hujengwa mara moja, likakaguliwa, likafunguliwa kwa sherehe na utepe kukatwa. Bwawa la topesumu halimaliziki kujengwa. Kadiri mgodi unavyochimba, ndivyo tope linavyoongezeka, na ndivyo tuta linavyopandishwa, mwaka huu mita kadhaa, mwaka kesho tena. Wakati mwingine hupandishwa kuelekea ndani, yaani tuta jipya linakalia tope la zamani. Njia hiyo ni rahisi kuliko nyingine kwa gharama, na ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote. Chile iliipiga marufuku mwaka 1970, na Brazil ilifuata mwaka 2019 baada ya maafa nitakayoyasimulia.

Hatari yenyewe ni nini? Tope lililotulia huonekana gumu, hata mtu anaweza kulikanyaga. Lakini ndani yake bado kuna maji. Likitikiswa, au maji yakiongezeka ndani ya tuta, chembe zake huachana, na kile kilichoonekana ardhi hugeuka uji kwa sekunde chache. Na tope likishuka halishuki kama maji. Maji humwacha mtu aogelee, tope humfunika. Watanzania tulishuhudia nguvu hiyo tarehe 3 Desemba 2023, pale tope la mlima Hanang lilipoingia Katesh mkoani Manyara na kuua watu zaidi ya 80. Lile lilikuwa la mlima, halikuwa la mgodi. Lakini aliyeliona hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Sasa tutazame yaliyowapata wenzetu, kwa sababu sheria za usalama wa mabwawa haya karibu zote zimeandikwa baada ya mazishi.

Tarehe 21 Oktoba 1966, saa 3 na dakika 15 asubuhi, kilima cha takataka za makaa kiliporomoka juu ya kijiji cha Aberfan, huko Wales. Kilifunika shule ya msingi ya Pantglas. Walikufa watu 144, na kati yao 116 walikuwa watoto. Kilima kile kilikuwa kimerundikwa juu ya chemchemi ambayo ilionekana hata kwenye ramani. Miaka mitatu kabla, mhandisi wa halmashauri alikuwa ameandika barua kueleza hatari ya takataka zile kumwagwa nyuma ya shule. Barua ziliandikwa, zikajibiwa, zikawekwa kwenye majalada. Tume ya uchunguzi ililibebesha lawama Shirika la Taifa la Makaa la Uingereza, na ikabainisha kwamba hapakuwa na sheria yoyote iliyosimamia uimara wa vilima vile. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 1969. Watoto wa Aberfan hawakuiona.

Tarehe 26 Februari 1972 ikawa zamu ya Marekani. Katika bonde la Buffalo Creek, jimbo la West Virginia, kampuni ya makaa ilikuwa na mabwawa matatu yaliyopangana bondeni, moja juu ya jingine. La juu kabisa lilikuwa limejengwa kwa kumwaga takataka za makaa juu ya tope la bwawa lililotangulia, bila njia ya kutosha ya kutolea maji ya ziada. Siku nne kabla, mkaguzi wa serikali alikuwa ameliona kuwa linaridhisha. Mvua ikanyesha. Usiku ule wakuu wa mgodi walikuwa wakipima jinsi maji yanavyopanda, lakini wananchi wa bondeni hawakupewa onyo rasmi. Saa 2 asubuhi tuta lilivunjika na lita zipatazo milioni 500 za maji meusi zikashuka. Walikufa watu 125, wakajeruhiwa zaidi ya 1,000, na wengine zaidi ya 4,000 wakabaki bila makazi. Kampuni ilisema hiyo ni kazi ya Mungu. Wakazi walijibu kwamba hawajawahi kumwona Mungu akiendesha tingatinga pale juu.

Kutokana na msiba ule Wamarekani waliandika kanuni, na kanuni hizo ndizo ninazotaka mzielewe leo, kwa sababu zinaonyesha taarifa inavyopaswa kutembea. Kanuni inahusu bwawa la mgodi wa makaa ambalo tope au maji yake yanaweza kufikia kimo cha futi 20, yaani kama mita 6. Lenye kimo cha futi 5 tu nalo linaguswa, iwapo linaweza kubeba takribani mita za ujazo 24,700. Na hata lililo dogo kuliko hapo huguswa kama msimamizi wa serikali ameona ni la hatari.

Mwenye bwawa la namna hiyo lazima kwanza apeleke mpango wake ukaidhinishwe kabla hajajenga. Lazima asimike pale pale bwawani kibao cha kudumu, cha kimo kisichopungua futi 6, chenye namba ya bwawa, jina lake, na jina la mwenye kulimiliki au kuliendesha. Lazima mtu mwenye ujuzi alikague kila baada ya siku zisizozidi 7, na vipimo vilivyofukiwa ndani ya tuta visomwe kwa muda huo huo. Matokeo yaandikwe kitabuni na kutiwa saini. Kila mwaka itolewe taarifa inayoonyesha tuta limepanda kiasi gani, tope ni kiasi gani, nafasi iliyobaki ni kiasi gani, na mhandisi aliyesajiliwa aithibitishe.

Na ikitokea dalili ya hatari? Hapo saa inaanza kuhesabiwa. Mwenye mgodi lazima achukue hatua kuiondoa hatari hiyo, amwarifu msimamizi wa serikali, awaarifu na kujiandaa kuwahamisha wachimbaji wanaoweza kudhurika, na amweke mtaalamu wa kulikagua bwawa angalau mara moja kila saa 8 mpaka hatari iishe. Usiku na mchana. Siku ya kazi na siku ya sikukuu.

Nawaomba msikilize vizuri kipengele kile cha kuwaarifu watu. Kinawataja wachimbaji walio katika eneo la mgodi. Wakazi wa bondeni, wale wale waliozikwa Buffalo Creek, hawamo katika sentensi ile. Hutegemea mipango mingine ya dharura. Hata sheria iliyozaliwa na msiba inaweza kumsahau aliyefiwa. Aidha sheria nzuri haimalizi hatari yote. Tarehe 11 Oktoba 2000, katika wilaya ya Martin, jimbo la Kentucky, tope la makaa lililokuwa bwawani lilitoboa chini na kuingia katika mgodi wa zamani uliokuwa umepita ardhini, likatokea mitoni, zaidi ya lita bilioni moja. Bahati njema hakufa mtu. Bwawa lile lilikuwa na namba, lilikuwa na mpango, lilikuwa na kibao.

Na karatasi nayo inaweza kusema uongo. Bwawa la madini ya chuma la Brumadinho, Brazil, lilivunjika tarehe 25 Januari 2019, saa 6 na dakika 28 mchana, wafanyakazi wakiwa kwenye chakula. Bwawa lilikuwa halipokei tope tena kwa miaka kadhaa. Mwaka uliotangulia lilikuwa limepewa cheti cha uimara na kampuni ya ukaguzi iliyolipwa na mwenye mgodi. Ukumbi wa chakula ulikuwa chini ya bwawa. Ving'ora havikulia. Walikufa watu 270. Anayelipwa na mwenye bwawa ili aseme kama bwawa ni zima ana kazi ngumu sana ya kuwa mkweli.

Baada ya hapo, Agosti 2020, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, chama cha makampuni makubwa ya madini na chombo cha wawekezaji walitoa kanuni za pamoja za dunia. Zinadai, pamoja na mengine, kwamba taarifa za bwawa ziwe wazi kwa umma na kwamba wanaoishi chini yake washirikishwe. Ni kanuni za hiari. Kampuni inayotaka huzifuata, isiyotaka hulala.

Turudi nyumbani. Mfano wetu wa karibu si wa makaa bali wa almasi. Tarehe 7 Novemba 2022, ukuta wa mashariki wa bwawa la mgodi wa Williamson, Mwadui, wilayani Kishapu mkoani Shinyanga, ulibomoka. Mgodi huo wakati ule ulimilikiwa kwa sehemu kubwa na kampuni ya Petra Diamonds, Serikali yetu nayo ikiwa mbia. Tope lilisambaa kwenye mashamba, malisho na makazi ya watu. Hakufa mtu, na kwa hilo tulishukuru. Lakini shamba lililofunikwa na tope la mgodi si shamba tena, na mfugaji aliyepoteza kisima hawezi kumnywesha ng'ombe wake shukrani. Mgodi ulisimama kwa miezi kadhaa, ukaanza tena mwaka 2023 ukiwa na bwawa jingine.

Kabla ya hapo kulikuwa na North Mara, wilayani Tarime. Mwaka 2009 maji yenye asidi kutoka mgodini yaliingia mto Tigithe, na wananchi wakalalamika kwa miaka. Mwaka 2019 Serikali, kupitia Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, iliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6, kisha Julai ikaamuru bwawa la topesumu lisitumike kwa sababu ya uvujaji, mpaka Septemba lilipofunguliwa tena. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba nchi yetu haina meno. Inayo. Kinachoniudhi ni umbali kati ya siku mwananchi anapoona maji yamebadilika rangi na siku meno hayo yanapouma.

Sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 iliweka usalama wa mabwawa chini ya Wizara ya Maji, na kanuni zake za mwaka 2013, zilizorekebishwa mwaka 2020, zinamtaka mwenye bwawa atumie wataalamu walioidhinishwa. Mabwawa ya topesumu yamo humo. Tume ya Madini nayo hukagua migodi, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inahusika na kinachomwagika. Hiyo ni milango mitatu. Kwa mwanasheria wa Dodoma, milango mitatu ni utaratibu. Kwa mama wa Kishapu aliyeona ufa kwenye tuta alfajiri akienda kuteka maji, milango mitatu maana yake ni nauli tatu, foleni tatu, na kuambiwa mara tatu kwamba hapa sipo.

Huenda msomaji wa Dar es Salaam au Mwanza anasema haya ni ya watu wa migodini. Hapana. Saruji iliyojenga nyumba yako imeokwa kwa moto, na viwanda vyetu vya saruji huchoma makaa ya mawe. Ngaka kule Mbinga makaa yanachimbwa, Kiwira yamechimbwa tangu miaka ya 1980, na Mchuchuma kule Ludewa yanasubiri. Aidha tope halina habari na mpaka wa mji. Tarehe 18 Februari 2025, bwawa la mgodi wa shaba wa kampuni ya Sino-Metals huko Chambishi, Zambia, lilivunjika na kumwaga maji ya asidi yaliyofika mto Kafue. Mji wa Kitwe, wenye mamia ya maelfu ya watu, ulifungiwa maji ya bomba. Hao walikuwa watu wa mjini, wenye bili zilizolipwa. Na majirani zetu wa Solai, kaunti ya Nakuru, hawakuwa hata na mgodi. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shamba liliwaangukia wakiwa nyumbani, wakafa wapatao 48, na baadaye ikaelezwa kuwa bwawa halikuwa na kibali.

Basi nasema nini? Nasema mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

La kwanza ni kibao. Kila bwawa la topesumu liwe na kibao kinachosomeka kwa Kiswahili, chenye namba ya bwawa, jina la mwenye nalo, na namba moja ya simu. Moja, si tatu. Wenye ofisi wataulizana wao kwa wao ni shauri la nani.

La pili ni stakabadhi. Mwananchi akitoa taarifa, apewe namba ya taarifa yake na tarehe ya kujibiwa. Taarifa isiyo na namba huyeyuka. Barua za Aberfan zingekuwa na tarehe ya mwisho ya kuchukuliwa hatua, pengine shule ile ingehamishwa.

La tatu ni kitabu cha ukaguzi. Kile kinachoandikwa kila wiki kibandikwe muhtasari wake katika ofisi ya serikali ya kijiji: maji yapo chini ya ukingo kwa kiasi gani, kuna uvujaji au hakuna. Wenye migodi watasema mnatisha wananchi, na kwamba takwimu za kitaalamu mtu wa kawaida hazielewi. Mtu anayejua kusoma alama za masikio ya ng'ombe mia mbili hashindwi kuelewa kwamba wiki iliyopita maji yalikuwa mita 2 chini ya ukingo na wiki hii ni mita moja.

La nne ni king'ora na njia. Wanaokaa chini ya tuta wajue mlio wa hatari, wajue wapande upande gani, na wafanye mazoezi hayo wakiwa na watoto na wazee. Hilo lisingoje mkaguzi aseme bwawa ni baya. Lile la Brumadinho lilikuwa na cheti.

Wakati tukisubiri hayo, anayeishi karibu na tuta la mgodi na ajue dalili. Maji safi yakichuruzika kidogo chini ya tuta si lazima iwe hatari, maana matuta mengi hutengenezewa njia za kupumulia. Lakini yakianza kutoka yenye matope, ujue yanabeba tuta lenyewe kutoka ndani. Ufa mrefu unaofuata ukingo wa juu, sehemu iliyovimba kama tumbo, ardhi iliyokuwa kavu ikawa chepechepe, maji yaliyokaribia ukingo baada ya mvua: lolote kati ya hayo ni la kusemwa siku hiyo hiyo, kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa mgodi, mbele ya mashahidi, na kwa maandishi. Na aliyeko chini asisubiri majibu. Apande juu kwanza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mabwawa haya walikuwa wapole mno, kwani hapa usipoziba ufa huenda asibaki wa kujenga. Yule mtoto wa lambo niliyemtaja husikilizwa kwa sababu anayemsikiliza anakunywa maji yale yale na kulala chini ya tuta lile lile. Wakuu wa migodi na wakaguzi wengi hawalali huko. Ndiyo maana lazima sheria iwalazimishe kusikia kama watu wanaolala huko.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.